Bia chachu ya nyumbani: ihamishe mara moja tu, kisha iache

Kabla ya kushika mpira wa kuhamishia bia, angalia bia imekaa kwenye chombo gani. Kama ulitia hamira, Brettanomyces (hamira ya mwitu) na bakteria kwa pamoja ndani ya mtungi wa kioo, huna haja ya kuihamisha. Watengenezaji wa lambiki, bia chachu ya Ubelgiji, wa Brussels na vijiji vya jirani huiacha juu ya mashapo yake ndani ya mapipa hadi miaka 3, na Brettanomyces hujilisha kwa kinachotoka kwenye hamira iliyokufa. Hamisha kama uko kwenye ndoo ya plastiki, kwa kuwa plastiki hupitisha hewa polepole na mifuniko mingi haibani, au kama chini kumejaa tope zito la hopsi, maua yanayotia bia uchungu.

Wakati mzuri ni wiki ya 3 au ya 4, haidromita (kipimo cha uzito wa bia ukilinganishwa na maji) ikisoma kati ya 1.015 na 1.010. Ukingoja hadi 1.002, bia haitoi tena gesi ya kutosha kusukuma nje hewa iliyoingia wakati wa kuhamisha.

Chagua mtungi mdogo kuliko bia uliyo nayo. Bia ya lita 21 iende kwenye mtungi wa lita 19, ijae hadi shingoni, nafasi ya juu ibaki sentimita 3 hadi 5 tu. Inayobaki itie kwenye chupa ndogo yenye kizibo cha kutolea gesi. Wapo wanaojaza pengo kwa gololi za kioo. Mimi siziamini gololi zisizojulikana zimetengenezwa kwa kitu gani zikae mwaka mzima ndani ya asidi.

Weka ndoo mezani na mtungi sakafuni. Jaza mpira maji yenye dawa ya kuua vijidudu ndipo uanzishe mvuto. Usinyonye kwa mdomo. Ncha ya chini iguse sakafu ya mtungi ili bia ipande bila kurukaruka. Ncha ya juu ipitishe pembeni mwa utando mweupe ulioota juu ya bia, na iwe sentimita 3 juu ya mashapo. Ukiona mapovu yanapita ndani ya mpira, kiungo kinavuta hewa: kaza kibano hapohapo. Ukiwa na mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi, ipulize kwanza ndani ya chombo kipya. Simamisha mvuto pale utando unapokaribia ncha. Mpira na vizibo hivi visirudi tena kwenye bia ya kawaida, kwani mikwaruzo ya plastiki huficha vijidudu.

Kisha giza, na nyuzijoto 16 hadi 20. Dar es Salaam au Mombasa bila kiyoyozi ni taabu: joto huharakisha uchachu, na hewa ikipenya, siki nayo huja mbio. Maji ya kizibo cha kutolea gesi hukauka, kwa hiyo kiongeze maji kila mwezi. Ukihamishia mtungi mahali pa baridi ghafla, mtungi utanyonya maji hayo ndani pamoja na hewa.

Kuonja ndiko kunakoharibu bia nyingi. Kila glasi unayochota huacha pengo linalojaa hewa. Onja bia ikifikisha miezi 4, halafu kila baada ya miezi 2. Ukikuta bia inavutika kama mlenda, hiyo ni kazi ya Pediococcus, bakteria wa uchachu. Usiimwage, Brettanomyces huukata ule utelezi baada ya miezi kadhaa. Harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha ni habari nyingine: bakteria wa siki wamepata oksijeni, na harufu ikiwa kali hakuna muda utakaoiponya.

Tia bia kwenye chupa pale vipimo viwili vya haidromita, vilivyopishana miezi 2, vinapokuwa sawa. Ikishuka kutoka 1.006 hadi 1.002 ndani ya chupa, huongeza takriban ujazo 2 wa gesi, yaani lita 2 za gesi kwa kila lita ya bia, kabla hujatia hata chembe ya sukari. Kwa bia iliyotulia kabisa, gramu 7 za sukari kwa lita zinatosha, pamoja na gramu 2 za hamira mpya ya mvinyo kwa lita 19, maana ile ya zamani imechoka na asidi. Tumia chupa nene za mvinyo wa mapovu.

Wiki chache baadaye huenda ukasikia ladha ya panya nyuma ya ulimi, sekunde kadhaa baada ya kumeza. Hutokana na hewa iliyoingia siku ya kujaza chupa. Laza chupa miezi 3 zaidi ndipo ufungue nyingine.