Jicho halipimi baruti: kwa mpwa wangu na wote wanaotaka kuanza kujaza risasi za bastola

Mpwa wangu aliyeko Texas ameniuliza swali ambalo vijana wengine wa Kitanzania walioko Marekani nao hunitumia: "Mjomba, ulianzaje kujaza risasi zako mwenyewe?", yaani kutengeneza risasi upya kwa maganda yaliyokwisha kupigwa. Wanajua nilikaa Phoenix, Arizona, miaka mingi nikiwa fundi wa mashine ya kukerezea vyuma, na kwamba Jumamosi zangu za huko ziliishia kwenye meza ya gereji, mbele ya mizani. Sasa niko Dodoma, Nkuhungu, na shamba langu la zabibu liko Hombolo. Naandika nikiwa na muda.

Nianze na sheria, kwa sababu najua nasomwa pia na watu wa hapa nyumbani. Tanzania kazi hii haifanywi sebuleni wala stoo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kibali kwa silaha na kwa risasi, na kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Mimi nilipofungasha kurudi, mashine, maganda, baruti, vyote vilibaki Arizona kwa rafiki. Hapa nyumbani sina hata ganda moja, na sitafuti. Kwa hiyo ukisoma ukiwa Chang'ombe au Manyoni, soma kama elimu tu.

Na wewe uliye Marekani, usidhani kila aliyeko huko anaruhusiwa. Sheria ya shirikisho inamzuia mtu mwenye viza ya muda, mwanafunzi kwa mfano, kumiliki bunduki na hata risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu au uraia yuko salama kwa upande huo. Kujaza risasi za matumizi yako hakuhitaji leseni ya shirikisho. Kuzijaza kwa ajili ya kuuza kunahitaji. Jimbo nalo lina yake, uliza kabla hujafungua pochi. Mpwa wangu ana karatasi zake, ndiyo maana naendelea.

Babu yangu mzaa mama, kule Kwa Mtoro, alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe pori shambani. Nilimwona akilijaza: anamimina baruti nyeusi kutoka kwenye pembe, anaikadiria kwa jicho, anasukumia kitambaa, anashindilia kwa ufito wa chuma, kisha vipande vya chuma, kisha kitambaa tena. Mkono ulikuwa umezoea. Vijana wengi tuliokulia vijijini tuna picha hiyo kichwani, na tukienda ng'ambo tukaona mtu anajaza risasi, tunadhani ni jambo lile lile lenye vifaa vya kisasa. Si hivyo, na tofauti hiyo ndiyo inayokatisha watu vidole.

Baruti nyeusi ni dhaifu na inachukua nafasi. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, yenye nguvu mara kadhaa kwa uzito ule ule. Ndiyo iliyo ndani ya risasi za leo. Maana yake ni kwamba kiasi kinachotosha ni kidogo mno, na ganda linabaki na nafasi tupu. Chukua risasi ya .38 Special, iliyotoka mwaka 1898. Ganda lake lilipimwa wakati wa baruti nyeusi, kwa hiyo ni refu. Ukiweka humo kipimo halali cha baruti ya kisasa, unaona kama hujaweka kitu. Kipimo cha pili kinaingia bila shida, hata cha tatu kwa baruti nyingine. Ganda halikatai. Bastola ndiyo itakayokataa, ikiwa mkononi mwako. Mgandamizo wa juu unaoruhusiwa kwa 9mm Luger, risasi nyingine ya bastola, ni pauni 35,000 kwa inchi ya mraba. Tairi la gari dogo unalijaza upepo wa pauni 30 na kidogo. Zidisha kile kisichotakiwa kuzidishwa uone chuma kinavyopasuka.

Basi, hapo ndipo pa kuanzia: kwenye heshima ya kipimo. Mengine yote ni ufundi wa mikono, na kila mwenye subira anaujifunza.

Risasi nzima ina vitu vinne. Ganda, la shaba ya njano. Fataki, kile kidonge kidogo kitakoni kinachopigwa na pini na kutoa cheche. Baruti. Na kichwa, ndicho kinachoruka. Ukishafyatua, fataki, baruti na kichwa vimekwenda. Ganda limebaki, na ndilo lililokuwa na gharama kubwa. Kujaza ni kulitumia tena. Ganda la bastola linavumilia mizunguko mingi hadi mdomo uanze kupasuka.

Kabla ya mashine nunua kitabu. Kampuni za Lyman, Hornady, Speer, zote hutoa vitabu vyenye majedwali: kichwa cha uzito huu, baruti ya jina hili, anzia hapa, usivuke pale. Kuwa navyo viwili ni bora, ulinganishe. Namba ya mtu wa mtandaoni isiyo kwenye kitabu usiiguse, hata kama ana video nzuri. Ukiona sijaandika kipimo chochote cha kuanzia humu, ndiyo sababu: kipimo kinatoka kwenye kitabu kilicho wazi mezani, kwa baruti ile ile na kichwa kile kile ulichonacho, si kwa mjomba.

Mashine: chukua ya hatua moja, inayofanya kazi moja kwa kila mvuto wa mkono. Lee wanazo za bei nafuu, RCBS ni nzito na hudumu. Zipo za kuzunguka, kama za Dillon, zinazotoa risasi nzima kila ukivuta, na kijana akiona kasi ile anatamani. Asitamani bado. Mwenye kujifunza anahitaji kuliona kila ganda peke yake. Utahitaji pia seti ya dai, yaani kalibu za chuma zinazofungwa kwenye mashine, za kipenyo cha risasi yako, na uhakikishe ya kwanza ina pete ya kabaidi (chuma kigumu sana), ili usipake mafuta kila ganda. Kalipa ya kupimia urefu. Mizani. Nyundo ya kubomolea risasi uliyoitilia shaka. Miwani ya kukinga macho, nayo ivaliwe tangu mwanzo, hasa wakati wa kupachika fataki.

Kuhusu mizani niseme zaidi, maana nimeona watu wakinunua mashine ya mamia ya dola na mizani ya sokoni. Baruti hupimwa kwa greni. Greni 7,000 ni pauni moja; greni moja ni kama gramu 0.065. Kwa 9mm baruti nyingi huwa kati ya greni 4 na 6, kwa hiyo nusu greni tu ni sehemu kubwa ya mzigo mzima. Mizani iwe na mawe yake ya uhakika, uipime nayo kila unapoketi. Zima feni. Funga mlango. Phoenix, joto la Juni likifika nyuzi 43, watu hawawezi kuzima kiyoyozi. Basi subiri usiku, lakini usipime huku hewa inasukuma mizani. Na simu ya mkononi iwe mbali, inavuruga zile za kielektroniki.

Sasa kazi yenyewe. Maganda uyakague kwanza. Yaliyopasuka tupa. Chungulia ndani: tundu moja katikati, hiyo ni fataki ya aina ya Boxer, inajazika, matundu mawili madogo ni Berdan, weka kando. (Jambo la kustaajabisha: Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, lakini Marekani ndiko aina ya Boxer inakotawala.) Kisha safisha. Mashine za kutikisa hutumia maganda ya jozi au magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Ndiyo, magunzi haya haya tunayowasha jikoni Kondoa, huko yanauzwa kwenye mfuko. Vumbi lake lina madini ya risasi (lead) yatokanayo na fataki zilizolipuka, na madini hayo ni sumu kwa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Fanyia nje, usile wala kunywa mezani, nawa mikono kwa sabuni ukimaliza, na nguo za kazi zisichanganywe na za watoto.

Dai ya kwanza inalirudisha ganda kwenye kipenyo chake na kusukuma nje fataki iliyokufa. Unapachika mpya, kidole kikipita juu yake kisikwaruze. Dai ya pili inapanua mdomo kidogo, kiasi cha kichwa kukaa wima bila kuanguka. Kisha baruti.

Hapa polepole. Mezani kuwe na kopo moja tu la baruti, lenye lebo yake, mengine yote yako kabatini. Chagua baruti nyepesi yenye kujaa, ambayo kipimo kikirudiwa mara mbili itamwagika mdomoni mwa ganda. Hilo peke yake limewaokoa wengi. Panga maganda matupu kwenye ubao wa matundu yakiwa kifudifudi. Unaligeuza moja, unatia, unalisogeza upande wa pili. Yote yakishatiwa, chukua tochi, inama juu ya ubao, uangalie kila ganda: usawa uwe mmoja. Lenye baruti juu kidogo, mimina upime upya. Lililo tupu nalo ni hatari, maana fataki peke yake inaweza kusukuma kichwa hadi katikati ya mtutu kikakwama, na risasi inayofuata ikakikuta hapo. Mtu akikuita ukiwa katikati ya kazi hii, mwitikie baada ya kurudisha baruti ya ganda ulilokuwa nalo. Redio sikuwahi kuwasha, hata mechi ya Simba na Yanga ikiwapo.

Dai ya mwisho inakalisha kichwa kwa urefu wa kitabu. Risasi ya 9mm isizidi milimita 29.69 kwa ujumla, lakini usifurahie kuifupisha: kichwa kikizama ndani, nafasi ya baruti inapungua na mgandamizo unapanda haraka. Kisha mdomo unabanwa kiasi. Ikague hivi: fungua bastola isiyo na risasi, toa mtutu, dondosha risasi ndani yake. Ianguke yenyewe, izunguke kwa kidole, itoke ukiupindua. Inayong'ang'ania hairudi boksini.

Kwa mwanzo tengeneza chache tu, kwa kipimo cha chini cha kitabu. Kiwanjani piga moja moja. Sikiliza. Mlio ukiwa mdogo usivyotarajia, simama, toa magazini, hakikisha bastola ni tupu, uchungulie mtutu kutoka nyuma. Okota maganda, tazama fataki: ikiwa imebonyea ikawa bapa kama imepigwa pasi, rudi nyumbani ubomoe zilizobaki.

Fataki zikae kwenye trei zake za kiwandani, kamwe usizikusanye kwenye kopo la kioo. Moja ikilipuka huamsha zote. Baruti ibaki kwenye chombo chake cha dukani, pakavu, pasipo moto, chini ya kufuli. Kila boksi ulilojaza liandikwe tarehe, jina la baruti, kipimo, uzito wa kichwa na urefu.

Faida ya fedha ipo kama unapiga sana, japo ukipata nafuu kwenye kila risasi utajikuta unapiga zaidi. Mimi nilipenda zaidi kujua kilichomo. Kwa mpwa wangu ningependekeza aanze na rivolva ya .38 Special kama anayo, kwa kuwa maganda yake hayaruki kwenye nyasi na unayatoa kwa mkono, ili mradi azingatie niliyosema juu ya ganda refu na tochi.

Na rafiki akikupa mfuko wa risasi alizojaza mwenyewe, mshukuru, zibomoe, uchukue maganda. Zako nazo usimpe mtu.