Mtaro wa chini ya jaruba langu

Nimelima mpunga Mabogini, huku Moshi, miaka sita bila kuutazama mtaro wa kutolea maji. Macho yangu yote yalikuwa kwenye mfereji wa kuingizia, maana huko ndiko kwenye ugomvi wa zamu za maji. Maji yakishatoka jarubani, yaani kwenye kipande changu cha mpunga, niliyahesabu si yangu tena.

Msimu uliopita zamu yangu iliangukia siku ileile niliyopanga kukuzia, yaani kuutilia mpunga mbolea ya kuukuza. Niliogopa kuikosa, nikaacha maji yaingie juu na kutokea chini huku narusha urea, nusu mfuko, kwenye jaruba la mita 30 kwa 100. Baada ya siku kama kumi, mzee ninayepakana naye kwa chini akaniita. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Njoo uione mbolea yako, mwanangu."

Pale maji yangu yanapoangukia mtaroni palikuwa na utando wa kijani, mzito kama sufi iliyolowa. Mzee aliuinua kwa jembe, ukaning'inia ukichuruzika. Nyasi za ukingoni zilikuwa zimekoza rangi kuliko mpunga wangu, ambao bado ulikuwa na unjano. Niliumia sana. Kilo 25 za urea ni kilo 11 na nusu za naitrojeni, na nilizinunua kwa pesa ya ada.

Bwana shamba alinifafanulia. Urea huyeyuka mara inapogusa maji, na kabla haijageuka, udongo hauna pa kuishikia; inakwenda maji yanakokwenda. Inataka siku chache igeuke amoniamu, na hapo ndipo mfinyanzi unaikamata. Mimi sikuipa hata saa moja.

DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi, nayo ina njia yake ya kupotea. Fosforasi hung'ang'ania tope, na wengi tunairusha wakati wa kuvuruga tope kabla ya kupandikiza. Kwa hiyo yale maji ya rangi ya chai ya maziwa tunayoyafungulia pawatila, trekta dogo la kuvurugia, ikishatoka, tukitaka kupandikiza upesi, yanaondoka na mbolea ya kupandia. Yanaingia mto Rau, yanashuka mto Ruvu wa huku Kilimanjaro, yanaishia bwawa la Nyumba ya Mungu, wanakovua perege tunaowanunua huku juu. Naomba majirani zangu wa block zote tusubiri tope litulie kwanza. Siku mbili tatu hazitatuharibia msimu.

Safari hii nilipunguza maji mpaka yakabaki membamba, hayafiki hata kifundo cha mguu. Nikaziba tokeo la maji kwa tope na mabua, ndipo nikarusha urea jioni jua limepoa. Zamu ilipofika kesho yake nikamwachia mzee, na tokeo sikuligusa siku tano.

Siku ya tatu alipita akitoka shambani kwake. Akasimama, akakikandamiza kizibo kwa kisigino mara mbili, akaendelea na njia yake.