Siku niliyompeleka mjomba Kew

Mjomba wangu alikuwa serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, kwenye meli za mizigo kabla hajahamia Cardiff moja kwa moja. Mimi wakati huo nasoma historia London, akaja kunitembelea, nikamwambia mjomba leo twende Kew kwenye Nyaraka za Taifa, pale Uingereza inapotunza kumbukumbu zake za zamani, kuna watu wa kazi yako nataka uwasikilize. Akabeba pasipoti na barua ya benki yenye anuani, wakamtengenezea kadi ya msomaji, peni tukaacha nje maana mle ndani ni penseli tu, kitabu kikaletwa kikubwa kizito tukakilaza juu ya sponji.

Kilikuwa kitabu cha ushahidi cha Mahakama Kuu ya Bahari ya Uingereza, miaka ya 1650, enzi za Cromwell, yule aliyetawala Uingereza bila mfalme, mfalme keshakatwa kichwa 1649 lakini meli zinakwenda na watu wanadaiana kama kawaida. Mahakama hii ilifuata sheria ya Kirumi, haina jopo la raia wa kuamua, kila kitu ni maandishi. Shahidi anaingia peke yake, anaulizwa hoja moja moja na karani anaandika, halafu upande wa pili nao wana maswali yao waliyoyaandika kabla: nani kakulipia gharama za kuja, ukishalipa madeni yako unabaki na thamani gani, kesi hii wakishinda hawa wewe unapata nini. Majibu hayafunguliwi mpaka mashahidi wote wamalize. Mwisho anatia saini, asiyejua kuandika anachora alama yake, na mabaharia wengine walichora nanga.

Nilikuwa namsomea kwa sauti ya chini kwa sababu ule mwandiko bila kujifunza huwezi kuusoma. Kesi ilihusu zabibu kavu kutoka Mediterania, zimefika London zimeoza kwa maji ya chumvi, wenye mali wanataka fidia na mabaharia wanakatwa mshahara. Sasa elewa hapo kila kitu kinategemea jambo moja, maji yaliingia kwa dhoruba au kwa uzembe? Kama ni dhoruba hakuna wa kulaumiwa, ila kama mzigo ulipangwa vibaya basi jamaa wanakatwa, na mshahara wenyewe ulikuwa shilingi 20 na kitu kwa mwezi, mtu ana mke Wapping au Shadwell, mitaa ya mabaharia London, anangojea.

Shahidi wa kwanza, umri "kama miaka 27 hivi", hivyo ndivyo walivyoandika umri wa karibu kila mtu. Akaanza na upepo. Mjomba akanyanyua kichwa akasema, subiri, sasa hivi atataja pampu. Nikageuza ukurasa, na kweli, walipiga pampu usiku kucha. Akasema sasa atasema falka, lile tundu la kushushia mzigo, ilifunikwa vizuri na ilikalafatiwa, yaani nyufa zilizibwa maji yasiingie, ikawa hivyo hivyo. Halafu mbao za kutandikia chini ya shehena, zipo? Zipo. Mimi nilikuwa nimeshasoma makaratasi haya wiki nzima nikidhani yale ni maneno ya mawakili tu, fomula, kumbe mjomba anayajua kwa mpangilio wake kwa sababu ndiyo mambo ambayo baharia yeyote anaulizwa mzigo ukilowa.

Tulipofika kwa shahidi wa tatu pampu hazikutajwa kabisa. Huyu alisema habari za chini hawezi kuzishuhudia kwa sababu yeye alikuwa kwenye usukani, anajua tu bahari ilivyokuwa. Mjomba akaniomba nirudie. Akasema, "Huyo mwamini, mwanangu. Kasema alichokiona akanyamaza."

Nilipomweleza kanuni yao kwamba nauli, yaani malipo ya kubeba mzigo, ndiyo mama wa mshahara, maana yake meli ikizama au mzigo usipofika na nauli isipopatikana basi mabaharia hawalipwi kitu hata kama wamefanya kazi miezi kumi, alikasirika kabisa, akauliza iliisha lini. Nikamwambia Uingereza waliifuta kwa sheria ya 1854. Akakaa anatikisa kichwa. Lakini pia nilimwambia lile la upande wa pili, kwamba mabaharia waliikimbilia mahakama hii kwa sababu waliweza kudai wote pamoja kwenye kesi moja, na wanaidai meli yenyewe, hati ya kuikamata inapigiliwa kwenye mlingoti na meli haiondoki. Majaji wa mahakama za kawaida, zile za sheria ya Kiingereza yenyewe na si ya Kirumi, jaji Edward Coke wa mwanzoni mwa karne hiyo akiwa mbele, waliipiga vita sana mahakama ya bahari, kesi nyingi wakaipokonya, ila za mishahara ya mabaharia waliiachia. Mimi hapo ndipo ninapoipenda mahakama hii, na naona watu wanaoandika historia ya bahari kwa kutumia barua za matajiri na manahodha peke yake wanaacha hazina kubwa sana pale Kew.

Kwenye treni kurudi mjini mjomba akaanza kusema bila kuulizwa. Kulikuwa na meli aliyofanyia kazi, siitaji, mzigo wa mchele ukalowa, kepteni akaandika taarifa yake mwenyewe na wao wakaitwa ofisini mmoja mmoja kusaini bila kusoma, halafu wakakatwa. Hakuna aliyewauliza falka ilikuwaje. "Wale wa kwako waliulizwa," akasema, "mimi hadi leo sijaulizwa." Nikatoa daftari nikamuuliza upepo ulikuwa wa wapi. Tulipofika Paddington alikuwa bado yuko siku ya pili ya dhoruba na treni yake ya Cardiff inaondoka, akaniambia njoo wikiendi, njoo na daftari kubwa zaidi. Nikaenda.