Miwa si msitu: kupima miti pembeni mwa oevu la Kilombero

Leo kazi ilikuwa kupima mwavuli wa miti (sehemu ya anga inayozibwa na matawi na majani) ukingoni mwa oevu la Kilombero, Tanzania, eneo la Ramsar (mkataba wa kimataifa wa kulinda maoevu) tangu 2002.

Ukanda ninaoupima ni wa mita 100 kutoka ukingo wa oevu. Maji yakipanda, sheshe (aina ya swala) hukimbilia pembeni, hivyo asilimia ya miti hapo inaeleza mengi.

Densiometa, kifaa cha kupimia mwavuli, ina kioo mbonyeo chenye miraba 24. Kila mraba ugawe akilini kuwa nukta nne, jumla 96. Hesabu nukta zinazoonyesha anga, ukielekea kaskazini, mashariki, kusini na magharibi. Tafuta wastani, zidisha kwa 1.04, toa kwenye 100.

Kishike usawa wa kiwiko, kiputo kikiwa katikati. Kichwa chako kikionekana ndani ya miraba, kinahesabiwa kama majani!

Kioo hicho huona hadi kando, kwa hiyo huelekea kuzidisha kivuli.

Shida kubwa iko kwenye setilaiti. Pikseli (mraba mmoja wa picha) ya setilaiti ya Landsat ni mita 30, kwa hiyo upana wote wa ukanda ni kama pikseli tatu tu. Bora Sentinel-2, mita 10.

Halafu rangi. Miwa, mpunga na matete yote ni kijani, na ramani huyaita msitu. Misaji (miti ya mbao ya kupandwa) angalau hujisaliti: kiangazi hupukutisha majani. Ndiyo maana picha moja haitoshi. Chukua ya masika na ya kiangazi. Ukingo wenyewe wa maji nao huhama.

Wa Rufiji na Tana Delta, nyinyi mnauweka ukingo wapi, kwenye maji ya masika au ya kiangazi?