Au nanyi mwasema hivyo?

Nimevuka feri, nimepika, nimeosha vyombo, nimemkanda Mama miguu, na bado nayasikia maneno ya yule mama langoni mwa shule ninakofundisha Kiingereza. Yalisemwa Jumatatu. Tangu hapo kaka ameondoka kwenda Doha, mtaa mzima umelala giza, wakaguzi wa elimu wamekuja wakaondoka na tabasamu, lakini mtu akiniuliza wiki ilikuwaje, mimi nina habari za lango tu.

Ni mama wa binti mrefu wa Gredi ya Tatu. Alinishika mkono kwa adabu zote.

"Madam, huyu jana katwambia 'We goed to Likoni.' Goed! Na wifi yangu yupo, katoka Nairobi na wanawe."

Nikacheka kidogo. "Usihofu, mama. Hiyo ni ishara kwamba somo limemwingia."

"Limemwingia wapi? Muhula wa kwanza alikuwa asema 'went' vizuri tu. Mumemrudisha nyuma." Kisha akashusha sauti, kama aulizaye bei ya kitu asichokusudia kununua: "Au nanyi mwasema hivyo?"

Kengele ikalia. Akaniaga kwa heshima na kwenda zake, akaniachia hilo swali.

Tangu siku hiyo nimemjibu bafuni, nimemjibu kwenye tuktuk, nimemjibu katikati ya feri nimebanwa baina ya mkokoteni na baiskeli. Majibu yanazidi kuwa matamu kila mara, na yeye hayupo kuyasikia. Basi nayaweka hapa.

Mama, ile 'went' ya muhula wa kwanza bintiyo aliiokota nzima nzima, hajui hata kama ina udugu na 'go'. Halafu tukaanza vitenzi vinavyofuata kanuni: walk, play, want, vyote vinaongezwa -ed vikizungumzia jana. Yeye akaidaka kanuni, akaenda nayo hadi mahali isipofika. Na niambie, hiyo 'goed' aliisikia kwa nani? Si kwangu. Si kwenye televisheni. Si kwa wale wana wa wifi yako. Ameiunda mwenyewe, na hawezi kuiunda mtoto ambaye kanuni haijamkaa kichwani. 'Went' itarudi, na safari hii itarudi ikijua jamaa zake.

Chuoni tulisomeshwa habari za Jean Berko, Mmarekani, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1958. Aliwaonyesha watoto wadogo picha akawatajia maneno aliyoyatunga mwenyewe. Huyu mtu anajua 'rick', na jana alifanya vivyo hivyo; jana alifanya nini? Watoto wengi wakasema 'ricked'. Neno hawakuwahi kulisikia kwa mtu, hawakuweza kulikariri popote, na bado walilipa mkia unaolistahili. Nilipokuwa mwanafunzi nililiona ni la kujibia mtihani tu. Jumatatu ningelipa chochote likae ulimini.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Kitinda mimba wa dada husema "nilila wali". Amesikia nilicheza, amesikia nililala, akakata shauri kwamba kula nako kuende hivyo hivyo, aitupe ile ku. Ni 'goed' yenyewe hiyo, kwa Kiswahili. Na nyumbani hufanywaje? Mama humvuta akambusu, humwambia arudie, humpigia simu shangazi asikie. Hakuna anayekwenda kumsimamisha mtu langoni. Mtoto akivunja Kiswahili ametia utamu. Akivunja Kiingereza ametutia aibu mbele ya wifi.

Haya. Nimeshapumua.

Jumatano nilicheka mpaka nikakaa. Tulikuwa tunatazama aina za maandishi: orodha, barua, maelekezo, hadithi. Nilitaka waone kwamba kila aina ina kitenzi chake. Orodha ya sokoni yaweza kuishi bila kitenzi kabisa. Maelekezo yanataka kitenzi kitupu, kama amri: mix, roll, fry. Habari za jana ndizo zinazodai -ed. Nikawaambia waandike jinsi ya kupika mahamri, nikijua hapa hakuna mtoto asiyejua. Wakainama. Wote wakaamrisha: Mix the flour. Add sugar. Mmoja akaweka iliki vijiko ishirini, Mungu awahifadhi watakaokula.

Wote, isipokuwa binti wa langoni. Naliandika kama alivyoliandika:

My grandmother mixed the flour and the coconut milk. She waited. The dough growed. She rolled it. She fried it. I eated four.

Tazameni 'fried'. Ile y imegeuka i, na somo la y kugeuka i lilikuwa la wiki iliyopita, sikulitaja siku hiyo hata kidogo. Nilimwita mezani.

"Mbona hukuandika maelekezo kama wenzako?"

Akanitazama kwa huruma. "Lakini Ticha, si alishayapika?"

Nilikosa la kusema. Mahamri yameshapikwa, manne yameshaliwa, sasa namwamrisha nani achanganye unga?

Kulisoma kwa sauti ndiko kulikomshinda. Alitamka -ed zote sawasawa, miksidi, rolidi, fraidi, kwa kuwa sisi maneno yetu yanapenda kutua kwenye irabu, na konsonanti mbili zikikutana mwishoni ulimi unatafuta pa kukanyaga. Tukaweka viganja chini ya videvu, darasa zima. 'Waited', kidevu kinashuka mara mbili. 'Mixed', mara moja, na mwisho wake husikika t. 'Rolled', mara moja, na mwisho wake ni d. Mkia mmoja kwa maandishi, sauti tatu kwa mdomo. Wale wa nyuma waligeuza ikawa ngoma ya videvu na mwalimu wa jirani akaja kuchungulia, lakini 'waited' hawataisahau.

Daftari limekwenda nyumbani leo. Nilianza kumwandikia mama yake maelezo marefu, na Berko ndani, nikayafuta. Nimeandika tu kwa wino mwekundu: Mtungo mzuri, mwombe akusomee. 'Growed' na 'eated' sikuzizungushia duara. Zitapata somo lao mwezi ujao. Akija Jumatatu na mdomo wake, aje.

Ila usiku huu sikai macho kwa hayo. Mwenye nyumba ametuma mtu kuupima ukuta wa nyuma kwa utepe, hakusema kwa nini. Mama ashikilia kwamba ni mambo ya rangi. Leo jioni yule mtu karudi tena, safari hii na mwenzake mwenye kofia ya ujenzi, wakapima hadi chooni na kuandika kitu kwenye karatasi. Simu ya mwenye nyumba inaita tu. Kesho asubuhi namfuata dukani kwake kabla hajafungua.