Posho

Mwaka 2003 nilikuwa mwaka wa pili chuo cha theolojia, Kigiriki kimenijaa kichwani kuliko busara. Likizo ile nikapelekwa mazoezini kwenye mtaa mmoja karibu na Korogwe, kanisa la bati limezungukwa na mkonge kila upande. Jumapili ya pili mwinjilisti akaniachia mimbari. Nikachagua Sala ya Bwana.

Kwa kweli nilichokuwa nakitaka ni neno moja tu la Kigiriki, epiousios. Ndilo linaloeleza ule mkate tunaouomba katika Mathayo 6:11 na Luka 11:3. Kwingine kote katika Agano Jipya halimo. Origene, mwanatheolojia wa karne ya tatu ambaye Kigiriki kilikuwa lugha yake ya kila siku, alisema hajalikuta kwa wasomi wala kwa watu wa kawaida, akaona wainjilisti wamelibuni wenyewe. Yeronimo, alipoitafsiri Biblia kwa Kilatini, aliweka mkate upitao vitu vyote kwa Mathayo, na mkate wa kila siku kwa Luka. Neno lile lile! Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version nao wakapita pembeni kijanja: "Utupe leo riziki yetu." Wakatoliki husema "mkate wetu wa kila siku", ndiyo maana kwenye msiba wa mchanganyiko sala hugongana hapo hapo. Sisi Walutheri tumeshamaliza, wenzetu bado wako njiani.

Mimi nilikuwa na jibu. Kamusi moja kuukuu ya maktaba ilitaja kipande cha mafunjo, karatasi ya watu wa kale, kilichofukuliwa Hawara, Misri, kikachapishwa mwaka 1889. Ilikuwa orodha ya matumizi, dengu zimo, na katikati yake neno lililoanza kama letu. Basi si neno la mbinguni, nikawaambia, ni la jikoni. Nikapiga mimbari kwa kiganja: "Ni posho!"

Pale neno hilo halikuhitaji ufafanuzi. Nusu ya wazee walikuwa wamefika kama manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge waliogawiwa chakula kila wiki. Watu wakacheka, wakapiga makofi, na kwenye mnada baada ya ibada mama mmoja akanunua mayai sita akanikabidhi. "Mchungaji, posho yako hiyo." Sikuwa mchungaji bado, lakini sikumsahihisha.

Chuoni tulitakiwa kukabidhi mahubiri yameandikwa. La kwangu lilirudi na neno moja la kalamu nyekundu kando ya aya ya mafunjo: "Mafuta." Nikadhani mwalimu ameandika orodha yake ya sokoni kimakosa. Nikamfuata ofisini.

Akanieleza kwamba kile kipande kilipotea kwa miaka mingi, na dunia nzima ilikuwa inamtegemea mtu mmoja aliyekinakili. Mwaka 1998 kikaonekana tena, kiko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Wataalamu walipokisoma upya hawakuona epiousios. Waliona elaiou. Mafuta. "Origene bado hajapata wa kumpinga," akasema, akanirudishia karatasi yangu.

Alama hazikuniuma. Yaliniuma yale mayai.

Pasaka nikapanda basi hadi Korogwe, nikamtafuta mzee wa kanisa aliyekuwa amekaa benchi la mbele siku ile, Muha aliyekata mkonge tangu ujana wake. Nikamkuta uani anasokota kamba kwenye paja. Nikamweleza yote, Hawara, Yale, elaiou, naye akaendelea kusokota hadi nikamaliza.

"Kwa hiyo pale uliposema posho, pameandikwa mafuta."

"Ndiyo, mzee."

"Ya kupikia?"

"Ya zeituni. Nadhani hata ya kupikia."

Akaiweka kamba chini. "Sasa mwanangu, mafuta si yalikuwemo kwenye posho? Jumamosi tulikuwa tunapanga foleni: unga, maharage, chumvi, mafuta kikombe kimoja. Na hayo mafuta ndiyo waliyokuwa wanatupunja."