Volti zikiongoza mwangwi
Leo nimeunganisha sintesaiza ya analogia (ala inayotengeneza sauti kwa umeme) na pedali ya mwangwi, kifaa kinachorudiarudia sauti, kwa waya mmoja wa volti, na bado nacheka peke yangu. Oskileta ya polepole, yaani kizalisha mawimbi kile kisichosikika chenyewe, nimeipeleka kwenye tundu la kuongozea muda wa mwangwi. Volti ikipanda na kushuka, saa ya ndani ya pedali inabadili kasi, na sauti zilizokwisha kuingia humo zinapinda juu, kisha chini, kama kanda ya kaseti inayobanwa kwa kidole. Kwa kuzungusha nobu sijawahi kuipata sauti hiyo.

Mnaotaka kujaribu, angalieni vipimo kwanza. Sintesaiza nyingi hufuata volti 1 kwa oktava, yaani kila volti hupandisha noti oktava moja, lakini Korg MS-20 huhesabu hezi kwa volti, kwa hiyo ukiziunganisha noti hazitalingana. Pedali nyingi zenye tundu la volti hutarajia 0 hadi 5, ilhali moduli za Eurorack, mfumo wa sintesaiza za vipande vipande, zinaweza kuzidi hapo. Pitisheni kwenye kipunguza volti. Na si kila tundu la kuchomekea pedali ya kukanyagia hupokea volti. Mengine hutaka ukinzani tu. Someni mwongozo, jamani!

Kesho zamu ya filta, kichuja sauti.